Vitabu vya Migodi Havijui Kutambaa

Fungua riwaya ya mgodi na uhesabu kurasa kabla mtu hajashuka. Si nyingi. Kuna shimo, kuna kizimba cha chuma, kuna kengele, halafu mwanamume anashushwa gizani na sisi wasomaji tunashushwa naye, roho mkononi. Sasa ruka hadi mwisho. Shimo limeporomoka au limejaa maji, watu wamekwama, wake zao wako nje wanalia. Kati ya kushuka na kuporomoka mwandishi hujaza mapenzi, pombe na siasa. Kazi yenyewe, ile ya kila siku ambayo hakuna kinachoporomoka, hupata aya mbili tatu.

Malalamiko yangu ni ya mwelekeo. Vitabu vya migodi vinapenda kwenda chini, na mgodi kwa sehemu kubwa unakwenda kando. Shimo ni mlango tu. Likishakutana na mshipa wa dhahabu au tabaka la makaa, wachimbaji hugeuka na kulifuata kwa mlalo, na hapo ndipo miaka yao inapoliwa. Mahali penye kilima na tabaka linalochungulia ubavuni, hata shimo halihitajiki: unaingia ubavuni mwa kilima kama panya anavyoingia ghalani. Waingereza wana jina lake maalum na wahandisi wao wameandika vitabu vizima juu ya njia hizo za mlalo. Waandishi wa riwaya wamebaki na kizimba.

Mimi ni wa nchi ya chai, upande wa Bomet. Kijijini kwetu hakuna mgodi, lakini kuna barabara inayopitia Kilgoris hadi Lolgorien, huko Transmara, na dhahabu ya Lolgorien inajulikana tangu enzi za mkoloni. Kuna sehemu huko inaitwa Kilimapesa, jina ambalo hata mtunzi mvivu angeona haya kulitumia. Binamu yangu alichuma chai miaka sita, mashine ikaja, akashika njia hiyo. Sasa yuko mwaka wa tatu chini ya ardhi. Nilipoamua kuandika kuhusu fasihi ya migodi nilianza kumtumia vipande vya vitabu kwa sauti kwenye WhatsApp, nikivisimulia kwa Kiswahili changu, naye anasikiliza usiku simu ikiwa kwenye chaji. Ananiita “prof”, kwa kejeli, maana anajua chuo nilikiachia wapi. Majibu yake ndiyo kipimo cha makala hii. Sijui mhakiki bora zaidi wa vitabu hivi kuliko mtu ambaye kesho saa kumi na mbili asubuhi anaingia tena.

Kwanza kazi yenyewe, jinsi alivyonieleza. Shimo la kushuka lina upana wa mabega na nafasi kidogo. Kwenye kuta zake wamechonga vijishimo vya kukanyagia, na kuna kamba. Ukifika chini unafuata jiwe jeupe lenye dhahabu. Jiwe hilo halina adabu: linapinda, linateremka, linakonda hadi upana wa kiganja, linapotea, linatokea tena mbele. Nawe unapinda nalo. Kimo cha njia ni kimo cha mshipa na mwili uliolala. Nilimuuliza kwa nini wasipanue ili wapite wameinama angalau. Akacheka. Kupanua ni kuvunja mawe yasiyo na kitu, na mawe yasiyo na kitu hakuna anayeyalipia.

Rudia hiyo sentensi ya mwisho kichwani, maana nitaitumia kumpima kila mwandishi hapa.

Dari inashikiliwa na magogo ya mkaratusi. (Mti uleule unaopandwa kwetu kwa ekari na ekari ili kuwasha matanuri ya kukaushia majani ya chai. Binamu anasema harufu yake ndiyo kitu pekee cha nyumbani kilichomfuata.) Hewa inasukumwa kwa mpira kutoka juu, na mpira unategemea jenereta, na jenereta inategemea mtu aliyenunua mafuta. Baruti ikilipuliwa, lazima kusubiri moshi utoke. Kuna wanaosubiri na kuna wenye haraka, na wenye haraka hubebwa. Kisha mawe yanaingia kwenye gunia, gunia linakokotwa kinyumenyume, mtu anatangulia kwa miguu na gunia linafuata, hadi chini ya shimo ambako kamba inalivuta. Huko nje magunia yanahesabiwa: ya mwenye shimo, ya aliyenunua mafuta na chakula, ya mwenye shamba, na yanayobaki ni ya waliochimba. Wanawake wanaponda, wanasaga, wanaosha, wanashika zebaki kwa mikono mitupu ili ikusanye dhahabu, halafu inachomwa kwenye jiko la makaa na mvuke unakwenda unakotaka. Wiki ambayo jiwe halina kitu, umefanyia kazi ugali.

Sasa vitabu.

Maelezo ya zamani kabisa ninayoyajua juu ya kazi hii ni ya Afrika, na ndiyo yaliyomshtua binamu kuliko yote. Katika karne ya pili kabla ya Kristo Mgiriki aitwaye Agatharchides aliandika juu ya migodi ya dhahabu ya wafalme wa Misri, katika jangwa kati ya Mto Naili na Bahari ya Shamu. Kitabu chake kimepotea, lakini Diodorus wa Sicilia alikinukuu, ndiyo maana tunacho. Wafungwa na mateka wa vita wanachoma mwamba kwa moto ili ulegee, kisha wanauvunja kwa nyundo. Wana taa zimefungwa kwenye paji la uso. Mahandaki yao hayaendi moja kwa moja, yanafuata jiwe linalong'aa popote linapopindia. Watoto wadogo wanaingia kwenye vijia kuokota vipande na kuvitoa nje. Wanawake na wazee wanasaga kwa mawe.

Nilipomaliza kusimulia, binamu aliuliza hao ni wa wapi, Migori? Nikamwambia miaka elfu mbili na zaidi. Kimya. Halafu: “Na tochi kichwani?” Na tochi kichwani.

Hao watoto wanaookota vipande wana jina la Kiswahili siku hizi. Mererani, Tanzania, kwenye tanzanaiti, waliitwa nyoka, kwa sababu wanapita pale mtu mzima hapiti. Mwandishi wa kale hakuwapa jina, lakini aliwaona, na aliwaona kwa sababu alikuwa akieleza njia. Hakuwa na shujaa wala mapenzi wala mafuriko ya sura ya mwisho. Alitaka kujua jiwe linatokaje huko hadi hapa. Ukiuliza hilo kwa uaminifu, mtoto atatokea tu kwenye sentensi, kwa vile bila yeye jiwe halitoki.

Émile Zola alikwenda Anzin, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1884 wakati wa mgomo wa wachimbaji, akashuka mgodini, na mwaka 1885 riwaya yake Germinal ikatoka. Watu wakiitaja hutaja mafuriko: yule mpenda fujo Souvarine analegeza kuta za shimo, maji yanaingia, Étienne na Catherine wamefungiwa gizani. Sawa, ni kurasa nzito. Binamu alizisikiliza kama filamu, akasema “noma”, akalala.

Kilichomwamsha ni kurasa ambazo walimu huruka. Mgomo wa Germinal unaanzia kwenye magogo. Wachimbaji wanalipwa kwa kila kigari cha makaa. Kusimika magogo ya kuzuia dari kunakula muda ambao ungejaza kigari, kwa hiyo wanasimika machache na kwa haraka. Kampuni inawatoza faini, halafu inakuja na mpango unaosikika kama wa huruma: magogo yatalipiwa peke yake, ila bei ya kigari itashuka kutoka sentimu 50 hadi 40. Wanapiga hesabu, wanaona wameibiwa. Hapo ndipo hasira inapowaka.

Hii ndiyo sentensi ya binamu iliyovaa suti ya Kifaransa. Kisicho makaa hakilipiwi, basi dari inangoja. Zola alilijua hilo na akaliweka kwenye kiini cha hadithi, lakini yeye mwenyewe hakuliamini vya kutosha kuliachia kitabu. Alipofika mwisho alimwita mhalifu mwenye msumeno ili mgodi uanguke kwa makusudi. Kwangu mimi hapo riwaya inajisaliti. Mgodi ule ulikuwa na sababu ya kutosha ya kuanguka tangu sura za mwanzo. Ilikuwa imebandikwa ukutani kama tangazo, na bei zake. Kumleta Souvarine ni kuiondolea hesabu ya kampuni lawama na kuitwika mtu mmoja mwendawazimu.

George Orwell alikwenda kaskazini mwa Uingereza mwaka 1936, na The Road to Wigan Pier kikatoka mwaka uliofuata. Si riwaya, na pengine ndiyo maana kimefanikiwa pale riwaya zimeshindwa. Sura yake ya pili ni ya mgodi, na jambo la kwanza linalomshangaza Orwell ni umbali. Alidhani ukishashushwa umefika. Kumbe kizimba kinakuacha mbali na makaa, pengine maili nzima, pengine zaidi, na huo mwendo unaufanya umekunja mgongo chini ya dari ya kimo cha mtoto. Yeye alikuwa mrefu kupita kiasi. Anagonga kichwa, anagonga uti wa mgongo, mapaja yanawaka moto, na bado hajaona hata kipande cha makaa. Halafu anasema jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko mafuriko yote ya Zola: mwendo huo haulipwi. Zamu ni saa saba na nusu. Ongeza saa moja ya kwenda na kurudi, mara nyingi mbili, mara nyingine tatu. Mwajiri anahesabu kuanzia kwenye makaa.

Binamu alinipigia simu. Hakutuma sauti, alipiga, na salio lake analijua mwenyewe. “Huyo mzungu alitambaa,” akasema. “Hiyo ya mapaja huwezi kudanganya.” Akaniambia siku za mwanzo alikuwa hawezi kuchuchumaa chooni. Akaniuliza kama wale watu wa Wigan pia walikuwa wanatembea na chakula mfukoni au wanakiacha nje. Tuliongea hadi salio likakatika.

Kuna ukurasa mwingine wa Orwell ambao si wa kusisimua hata kidogo na ambao ningeubandika kwenye kila ukuta. Anachukua hati za mishahara za wachimbaji na kutaja makato moja baada ya jingine. Mmoja analipia kukodi taa. Taa! Anaingia gizani kwa niaba ya mwenye mgodi, na mwanga anaukodi. Mwingine anakatwa pesa za kunoa vifaa. Na wengine wanakatwa pesa za mtu anayeangalia mizani, ambaye ni mwenzao waliyemteua wao wenyewe ili asimame pale vigari vinapopimwa na kuhakikisha karani wa kampuni haibi uzito. Haki ya kumteua mtu huyo ilidaiwa muda mrefu, na sheria za Uingereza zilianza kuitambua mwaka 1860. Nitarudi kwa huyo mtu wa mizani, kwa sababu yeye ndiye aliyenikosesha usingizi.

Lakini Orwell naye ana ugonjwa wake. Akishafika kwenye makaa na kuwaona wanaume wakifanya kazi nusu uchi, anawageuza sanamu. Anasifu mabega, viuno, misuli, anawafananisha na vinyago vya chuma. Wachimbaji wa sura ile ni miili bila majina. Wanaosema ni wachache. Nilimsimulia binamu hiyo sehemu ya miili mizuri. Akasema kifua chake ni kizuri kweli, ila asubuhi kinapiga filimbi.

Vumbi la lile jiwe jeupe ni laini mno, linakaa kwenye mapafu na kuyafanya magumu, na mapafu yaliyokwisha kuumia hivyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Hapa Peter Abrahams anawapita wote wawili. Mine Boy, ya mwaka 1946, ndiyo riwaya ya mgodi iliyosomwa sana mashuleni Afrika, na kwa kweli robo tatu yake haiko mgodini. Iko Malay Camp, Johannesburg, nyumbani kwa Leah muuza pombe, na huko Abrahams anang'aa. Ndani ya mgodi anaona haya. Xuma anapewa kazi na mara moja ni kiongozi wa kikosi. Anasukuma vigari, ana nguvu, anatii, mwisho dari inaanguka, Johannes na Chris wanakufa, Xuma anakataa kuwapeleka watu chini. Kushuka, kuporomoka. Ramani ileile.

Ila katikati kuna mtu mmoja anayekohoa. Anaficha ugonjwa wake wa mapafu kwa sababu ana deni, na deni lisipolipwa familia yake itapoteza ardhi. Xuma anagundua. Ni kipande kifupi, hakina mlio wowote, na mtu huyo anakwenda zake nyumbani kufa nje ya kitabu. Mimi ningebadilishana naye sura nzima ya mwisho. Wachimbaji wengi wa kweli hufa hivyo, kwa miaka, kwenye kitanda cha kijijini ambako hakuna kamera. Huko Afrika Kusini ilichukua hadi 2019 kwa mahakama kuidhinisha makubaliano ya kuwafidia wachimbaji wa dhahabu waliougua mapafu, mwaka wa 73 baada ya Abrahams kumwandika mtu wake.

Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila (2014) nitaipita haraka. Ni ya mji wa migodi unaofanana na Lubumbashi, na karibu yote iko kwenye baa. Ni kitabu kinachocheza vizuri, lakini mahandaki ni uvumi tu unaosikika kutoka meza ya jirani. Kwa binamu sikumsimulia. Baa anazijua.

Na sisi Wakenya? Tunaandika mgodi kwenye habari za saa moja. Desemba 2021 mgodi wa Abimbo, Bondo, uliporomoka na kwa wiki kadhaa tulijua jina la kijiji. Mei 2024 ilikuwa Hillo, Marsabit. Kila mara ni picha ileile ya umati umezunguka shimo, mbunge amevaa kofia ngumu mpya, tingatinga limechelewa, na neno “haramu” kwenye kichwa cha habari. Hakuna anayeuliza gunia linagawanywaje. Sheria ya Madini ya 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuweka utaratibu wa kuwapa vibali, lakini ni vigumu kukuta habari inayofuatilia kibali, kwa sababu kibali hakiporomoki. Na tuna historia ya kuandikia. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931 wazungu walimiminika, na mwaka 1932 serikali ya koloni ikarekebisha sheria ya ardhi za Waafrika ili ardhi yenye dhahabu itwaliwe bila wenyeji kupewa ardhi nyingine. Miaka miwili baadaye, 1934, ukoo wa Talai ukafukuzwa huku kwetu ukapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, wakati mashamba ya chai yakiwa yameshaota mizizi. Mtu anayetaka kuandika riwaya kubwa ya miaka hiyo angeweza kuiweka yote kwenye barabara ya kutoka Kakamega kwenda Kericho. Mimi sijaiona.

Narudi kwa mtu wa mizani.

Chai ya Kericho ina fasihi yake, nayo ni kalenda. Unaijua picha: kijani hadi mwisho wa macho, ukungu kidogo, wanawake wenye aproni wamejipanga, mmoja anatabasamu. Mama yangu alikuwa kwenye safu kama hizo kwa miaka mingi, katika shamba ambalo sitalitaja. Alilipwa kwa kilo. Majani mawili na chipukizi, mikono miwili, kikapu mgongoni. Mwendo wa kutoka safuni hadi kwenye mizani haukuwa na bei. Foleni haikuwa na bei. Lori likichelewa, majani yananyauka na uzito unapungua, na hasara hiyo ni yako. Mvua ikinyesha, karani anakata kilo kadhaa kwa ajili ya maji na kikapu, na anakata kwa macho. Nilipokuwa mdogo nilisimama kwenye foleni hiyo mara nyingi nikishika sketi ya mama, na mtu aliyesimama upande wa pili wa mizani kwa niaba ya wachumaji sikumwona. Nilipomkuta kwenye kitabu cha mwaka 1937, mtu aliyelipwa na wachimbaji wenyewe kutazama sindano ya mizani, nilikifunga kitabu nikampigia mama kumuuliza kama kuwahi kuwa na mtu kama huyo. Akauliza, “Wa nini? Karani si alikuwepo?”

Kwa hiyo lawama yangu kwa vitabu vya migodi si ya mpenzi wa mashimo. Tatizo hilohilo liko juu ya ardhi. Februari 2023 BBC ilirusha filamu juu ya unyanyasaji wa kingono kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na ilihitajika. Mei mwaka huohuo watu wakachoma mashine za kuchuma chai, na picha za moshi zikasambaa. Mara mbili kwa mwaka mmoja nchi ya chai iliporomoka hadharani, na mara mbili kamera zikaja. Baada ya hapo tukarudi kwenye kalenda. Binamu yangu aliondoka katika kimya cha aina hiyo. Hakuna aliyemfukuza; kilo zilipungua hadi hazikutosha nauli ya kurudi kesho.

Kiswahili kimewahi kufanya kazi hii vizuri. Adam Shafi katika Kuli (1979) anajua gunia linavyokaa begani kwa mpagazi wa bandarini Unguja, na mgomo wa 1948 unatoka kwenye mabega hayo. Anajua mzigo kwanza. Kwa migodi, msamiati tayari uko mdomoni mwa watu ukingoja kuandikwa. Wachimbaji wa Tanzania wana duara, ambalo ni shimo la kushukia, na matimba, yale magogo ya kushikilia dari. Wana karasha ya kusagia mawe, wana magwangala, mawe ya taka ambayo bado yana punje, na marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa unaooshwa tena. Mererani mchimbaji ni mwanaapolo. Haya si maneno ya kamusi. Ni maneno ya watu wanaojua tofauti kati ya jiwe linalolipa na lisilolipa, na karibu kila moja lina mgogoro wa pesa ndani yake. Mwandishi wa Kiswahili akianza na matimba tu, nani anayanunua, nani anayakata, nani anasema leo yatosha, tayari ana riwaya, na hahitaji kumwangushia mtu jiwe.

Nilimuuliza binamu kule kwao wanauitaje ule muda wa kutambaa kabla ya kufika kwenye jiwe. Akasema hauna jina. Nikasisitiza, lazima kuna neno. Akasema wanasema tu “kuingia”, na kuingia hakuhesabiwi, kama vile kupanda matatu hakuhesabiwi.

Kisha naye akaniuliza swali: hao wa Orwell walikuja kulipwa? Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Ya Uingereza niliyaacha kwa sasa, nikakuta ya Marekani. Waajiri wa wachimbaji wa madini ya chuma wa Alabama ndio waliopeleka suala hilo mahakamani, na mwaka 1944 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kusafiri chini ya ardhi hadi mahali pa kuchimba ni kazi, na kazi hulipwa. Mwaka uliofuata ikasema vivyo hivyo kwa wachimbaji wa makaa. Wafanyakazi wa viwandani nao wakaanza kudai muda wao wa kutembea, na mwaka 1947 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kubana madai hayo. Nikamtumia yote kwa sauti, dakika tano.

Alijibu kesho yake jioni. Alisema nimwandikie hiyo ya Alabama kwa maneno machache, Kiswahili cha kawaida, iwe maandishi maana sauti zinakula data. Kwenye zamu yao wako kumi na mmoja na kuna wawili hawajui kusoma, atawasomea wakisubiri moshi utoke. Akaniambia niweke mwaka, na niweke kwamba ilikuwa mahakama, ili mwenye shimo asifikiri ni yeye ameitunga.